Mkono Uliomfuta Mama Tausi

Katika Jimbo lile ilikuwa saa nne asubuhi, na ilikuwa saa nne asubuhi kwa miaka kumi na tisa. Usiniulize miaka ilihesabiwaje wakati mshale wa saa ya bomani haukusogea. Watu wakishaamua kuishi na jambo hawakosi njia ya kulihesabu. Mzee Maftaha, Mtunza Daftari la Wapiga Kura, alikuwa ametangaza kwamba muda utasimama mpaka Daftari liwe safi, na kwa kuwa Daftari halikuwahi kuwa safi kiasi cha kumridhisha, watu walizaliwa saa nne, wakaoana saa nne, wakazikwa saa nne, na mvi zikawaota katika asubuhi ileile moja. Saa nne ni saa ya uji. Basi walikunywa uji, na muda wakaupima kwa vikombe: fulani kaondoka kikombe kilichopita, harusi ni baada ya vikombe vitano. Chakula cha mchana kilibaki kuwa habari ya wazee, na wazee wenyewe waliacha kuisimulia kwa sababu watoto walikuwa wakilia.

Tunapomkuta Mbaruku vilibaki vikombe vitatu kabla ya kura. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye mabega ya kuinama, naye alibeba kipaza sauti cha betri begani na furushi la vipeperushi kwapani, akimfuata Bi Salha Mdoe aliyekuwa akigombea kiti cha Mtunza Daftari. Maana kiti kile kilikuwa cha kuchaguliwa, ingawa kwa miaka kumi na tisa Mzee Maftaha alikichukua kama mtu anayechukua kofia yake msumarini. Wagombea waliopita walikuwa wameahidi barabara na visima, vitu ambavyo Mtunza Daftari hana uwezo navyo. Bi Salha aliahidi kitu kimoja tu. Alisema hakuna jina litakalotoka Daftarini mpaka mwenye jina aulizwe, uso kwa uso, kwa jina analojulikana nalo.

Watu walimcheka. Wewe pia ungecheka, ungekuwa ndani ya Daftari. Aliye ndani haoni kama kuna mlango.

Nikuambie lilivyokuwa Daftari lenyewe. Kila mwaka lilibebwa hadi sokoni na wanaume wanne, likawekwa kwenye mizani ya magunia mbele ya watu wote, na Mzee Maftaha, akiwa na kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, alisoma uzito. Likipungua, watu walipiga makofi. Hakuna aliyekumbuka makofi yale yalianzia wapi. Labda mara ya kwanza walifutwa wafu, na kumfuta maiti si dhambi. Mara ya pili walifutwa waliohama, hilo nalo likaeleweka. Kisha wafu wakaisha na waliohama wakaisha, lakini makofi yalikuwa yamekwisha kuwa matamu, na mizani haiulizi kilichopunguzwa ni nini. Mwaka wa tisa wanaume watatu walitosha kulibeba. Sasa walilibeba wawili, na mmoja wao alikuwa anapiga mluzi.

Aliyefutwa hakufa. Hilo ndilo lililowapa watu usingizi mzuri. Aliendelea kuchota maji, kukohoa, kuanika nguo. Ila akipiga hodi hakuitikiwa, akisalimia hakuna aliyegeuka, na vijana walipita mbele yake bila shikamoo, hata awe bibi wa kutembelea mkongojo. Si kwamba sauti yake haikusikika. Ilisikika kama kuku wa jirani anavyosikika, mtu anaendelea na shughuli zake. Waliitwa “wewe” au “huyo”, wote jina moja, na baada ya vikombe vingi nyuso zao zilianza kufanana. Ni masikio ya aina moja tu yaliyoendelea kuwasikia vizuri, neno kwa neno: masikio ya yule aliyewafuta.

Mbaruku aliwasikia watu arobaini na mmoja.

Walifika kwenye bomba la Mtaa wa Nyuma, ambako foleni ya ndoo huwa ndefu, na Bi Salha akachukua kipaza sauti. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti iliyozoea kupita kwenye dirisha. Kabla ya siasa alikaa miaka kumi na minne kwenye dirisha la zahanati akiita wagonjwa.

“Jamani, habari za asubuhi.”

“Nzuri,” waliitikia, maana asubuhi ndiyo pekee waliyokuwa nayo.

“Mtaa huu mliobaki Daftarini ni wangapi?”

“Wote tupo!” alisema mwanamume mmoja mwenye shati la kijani, akihesabu ndoo zake. “Sisi hapa hatuna shida hiyo, mama. Nenda ng’ambo huko.”

“Na yule mama aliyeketi kwenye ngazi?”

“Nani?”

“Yule pale. Mwenye kitambaa cha maua.”

Mwanamume akatazama, akakunja uso kama mtu anayetafuta funguo. “Aa, huyo,” alisema, akarudi kwenye ndoo zake.

Bi Salha alivuka mtaro, akapiga goti kidogo. “Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu,” alijibu yule mama. Bi Salha hakusikia vizuri, lakini aliona midomo, akainamisha kichwa kwa heshima. Mbaruku alisikia. Sauti ile aliijua kabla hajajua kutembea. Ilimfundisha kunawa mikono, ilimwimbia surua ilipompata, ilimwita “baba” akiwa na miaka minne, kumpandisha cheo ili ale. Mama yake mzazi alifariki akimzaa, na mama huyu wa mlango wa pili alimchukua akamlea pamoja na bintiye, Tausi, mpaka akaoa. Mtaa mzima ulimwita Mama Tausi.

Mama Tausi akamwona. Uso ukamnawiri.

“Mbaruku! Hujambo, mwanangu? Mbona umekonda hivyo?”

Foleni ya ndoo ilikuwa inatazama. Kumjibu aliyefutwa mbele za watu ni kukiri kwamba unamsikia, na anayesikia anajulikana ni nani. Mbaruku akainama juu ya kipaza sauti, akafungua mfuko wa betri, akatoa betri, akazitazama, akazirudisha. Zilikuwa nzima. Alifanya hivyo mara mbili. Alipoinua kichwa, yule mama alikuwa bado anamtazama, na tabasamu lake lilikuwa halijaondoka lote.

Aibu ina tabia ya kuchagua mahali pa kukaa mwilini. Wengine huwakaa usoni, wakaiva, wengine tumboni. Mbaruku ilimkaa mkononi, mkono wa kulia, kuanzia kidole cha shahada hadi kiwiko, ikawa kama ganzi ya mtu aliyeulalia. Aliendelea kugawa vipeperushi kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo si adabu, na watu walivipokea wakiguna. Kwenye kipeperushi pameandikwa: *Hakuna atakayetoka bila kuulizwa.* Maneno hayo aliyatunga yeye mwenyewe. Bi Salha aliyapenda mno, akasema Mbaruku ana kipaji.

Sasa nirudi nyuma, kama inawezekana kurudi nyuma mahali ambapo muda haukwenda mbele.

Kabla ya kumfuata Bi Salha, Mbaruku alikuwa mhakiki. Kazi ya mhakiki ilikuwa nyepesi. Unapewa karatasi yenye majina arobaini na zaidi ya mtaa mmoja. Unakwenda mlango kwa mlango, unaita jina kama lilivyoandikwa, mara tatu. Akiitika, unaweka alama. Asipoitika, unawauliza majirani wawili: mnamfahamu? Wakisema hapana, unapiga mstari. Basi. Na mtu wa nje atasema hiyo ni haki tupu, nini tena? Lakini mtu wa nje hajaishi mitaa yetu. Kule mwanamke akishazaa, jina lake hukunjwa likawekwa sandukuni pamoja na kanga za harusi, na tangu hapo yeye ni Mama Fulani mpaka siku ya kuzikwa, na hata siku hiyo watu huulizana makaburini, kumbe aliitwa hivyo? Wanaume nao: Fundi, Mpemba, Kipara, Baba Mapacha. Uliza mtaa mzima jina la kwenye kadi, watakuapia kwa Mungu hawamjui, na hawasemi uongo. Mhakiki mzawa wa pale anajua hivyo. Kinachotakiwa ni kuuliza neno moja la ziada: Mama nani? Neno hilo halikuwemo kwenye maelekezo. Halikukatazwa pia.

Mbaruku hakuliuliza. Mwanzoni alilisahau, halafu akaona kazi inakwenda haraka bila neno lile, na ofisini karatasi zake zikasifiwa kwa mistari mingi iliyonyooka. Mzee Maftaha mwenyewe alimshika bega akasema, “Una mkono mzuri, kijana.” Mtu akisifiwa mkono huanza kuutazama kama si wake, kama chombo kilichoazimwa. Hapo ndipo madaraka yanapokaa, nadhani. Hayakai kwenye kanzu iliyopigwa pasi. Yanakaa kwa mtu wa chini kabisa mwenye rula, aliyeambiwa ana mkono mzuri, na ambaye nyumbani kwake hakuna anayemwambia neno kama hilo.

Siku moja alianzia mtaa wake mwenyewe, Mtaa wa Nyuma. Mlangoni kwa Mama Tausi aliita jina lililoandikwa, mara tatu, kwa sauti ya kiofisi. Hakuna aliyeitika. Majirani wawili walisema hawamfahamu mtu huyo. Akaegemeza karatasi ukutani, akapiga mstari, rula ikiwa imetulia. Kisha akaingia ndani, maana kwa Mama Tausi haingii mtu akatoka bila kunywa kitu, naye alikuwa na kiu. Alimkuta mama akitoka nyuma ya pazia na kikombe cha uji wa ulezi. Akaketi. Akanywa. Na ukutani, juu ya redio, akaona, ikiwa imechomekwa kwenye fremu ya kioo, kadi ya mpiga kura yenye picha ya Mama Tausi wa ujanani, na chini ya picha jina lile.

Hapo nafasi ilikuwepo. Mstari ulikuwa haujakauka. Ila ofisini kulikuwa na sharti: karatasi iliyosahihishwa haipokelewi, inanakiliwa upya yote. Majina zaidi ya arobaini, kwa mkono, kwa mwandiko wa kusomeka. Mbaruku alilitazama jina, akalitazama la karatasini, akafikiria ule unakili.

Akamaliza uji.

Nimejaribu kumtafutia sababu nyingine, nikitamani msomaji amwone ni mtu aliyetishwa, au aliyehongwa, au mwenye mtoto mgonjwa. Hakuna. Aliona uvivu.

*Si mimi. Ni utaratibu. Mimi nilipiga mstari tu. Mstari ni kitu gani? Wino kidogo. Kama si mimi angekuja mwingine, na mwingine asingekunywa hata uji. Nilikuwa nataka kurudi baadaye. Nilitaka kusema. Kila kikombe nilitaka. Nilimfuata Salha kwa sababu hiyo, si unaona? Nabeba kipaza sauti. Mabega yananiuma. Natunga maneno. Mtu mbaya hatungi maneno kama yale. Mtu mbaya. Kwani mtu mbaya ana kazi gani nyingine? Nyamaza. Wanakuita. Wote arobaini na mmoja wanasema shikamoo, hodi, habari za asubuhi, na wewe unatazama betri.*

Walipotoka Mtaa wa Nyuma, Bi Salha aliketi kwenye jiwe, akavua viatu. “Unajua kinachonikera?” alisema. “Kule zahanati niliita jina la kwenye kadi mara moja tu. Nikiona kimya, nauliza: Mama nani? Baba nani? Dakika haiishi, mtu kaitika. Mhakiki yeyote aliyezaliwa huku anajua. Hawa hawakukosea, Mbaruku. Walijua. Nikimpata hata mmoja…”

“Umempata,” alisema Mbaruku.

Bi Salha aliacha kiatu kining’inie kidoleni. Mbaruku akaeleza yote, mpaka uji, mpaka kadi ukutani, bila kujipunja wala kujiremba, na sauti yake ilikuwa ndogo. Alitamani ardhi ipasuke. Ardhi ile nayo ilikuwa ya Jimbo, haikusogea.

“Ni wangapi?”

“Arobaini na mmoja.”

“Na yule mama?”

“Ndiye aliyenilea.”

Alitegemea atukanwe, au aambiwe yamepita, na kwa siri alitegemea hili la pili. Bi Salha hakufanya lolote kati ya hayo. Alivaa viatu vyake polepole.

“Sharti la dirisha la bomani unalijua,” alisema. “Aliyefutwa hawezi kujirejesha, kwa sababu hana mdomo mbele ya Daftari. Anarejeshwa na mkono uliomfuta, ukisimama pale na kusema kwa sauti. Dirisha linafungwa kikombe kimoja kabla ya kura.”

“Nikisema, watajua unatembea na mfutaji. Utashindwa.”

“Huenda.”

“Bi Salha…”

“Unataka nikukataze, ili uwe na sababu. Sikukatazi. Na usinitafutie huruma, sina ya kukupa leo. Nenda.”

Akaenda. Kwenye dirisha la bomani aliketi karani mwenye miwani, na foleni ilikuwa fupi, maana wafutaji wa kujitokeza hawakuwa wengi. Mbaruku aliinua mkono wake wa ganzi. “Nimekuja kumrejesha mtu. Mimi ndiye niliyemfuta.”

Karani hakushtuka. Alichovya kalamu. “Jina kamili?”

Mbaruku akafungua mdomo.

Jina halikuwemo. Alilisoma kwa sauti mara tatu mlangoni, akaliona juu ya redio, na kumbe jina unalolifuta hutoka kichwani mwako kwanza kabla ya karatasini. Alijaribu kulitafuta utotoni. Kule kulikuwa na harufu ya ulezi, na kiganja kwenye paji la uso, na kanga ya zambarau, na kote alikotazama palisema Mama, Mama, Mama Tausi. Alikula mikononi mwake miaka ishirini na miwili na hakuwahi, hata siku moja ya kuzubaa, kumuuliza unaitwa nani.

“Karatasi ya zamani?” aliuliza Mbaruku.

“Zilizonakiliwa tunachoma. Jina kamili, bwana, au pisha.”

Akapisha.

Mlangoni kwa Mama Tausi alipiga hodi. “Karibu, mwanangu, pita,” ilijibu sauti ndani, na hakuna mpita njia aliyegeuka. Alipita. Alikaa palepale. Kikombe kikaja palepale. Fremu ilikuwepo juu ya redio, lakini kadi ndani yake ilikuwa imefifia, picha na maandishi yote, ikawa kipande cheupe.

“Kunywa, kitapoa.”

“Mama, siwezi.”

“Una homa?”

“Mama.” Maneno ya kwenye vipeperushi yalimjia kwa urahisi sana, na haya mawili yaligoma. “Mama, unaitwa nani?”

Mama Tausi aliweka kata ya uji chini. Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo.

“Siku zote hizo,” alisema, “ulikuwa hujui?”

“Nilikuwa sijui.”

“Lakini si ulilisoma hapo mlangoni? Nilikusikia.”

“Ulinisikia?” aliuliza Mbaruku. “Kwa nini hukuitika, mama?”

“Niliitika ndani kwa ndani. Miaka mingi sijaitwa hivyo, nikaona haya, kama binti. Nikasema ngoja nimwekee sukari kwanza nitoke. Nikachungulia kwenye pazia, nikakuona umeweka rula unapiga mstari.”

“Uliniona.”

“Nilikuona. Ulivyoinama vile, taratibu. Nikasema, huyu amesoma. Nikadhani unanipigia mstari kwa chini, kama mwalimu anavyolipigia mstari jambo zuri. Nikafurahi.” Alitazama mikono yake. “Nikakuongezea kijiko cha pili.”

Mbaruku alilia, na kilio chake hakikuwa na heshima yoyote. Kililegeza kamasi, kikamkunja juu ya meza ndogo, na kiganja kilekile cha zamani kilikuja kikakaa mgongoni kwake, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote. Angependa apigwe. Mtu akipigwa anaweza kuondoka.

“Ni wewe, basi,” alisema mama, na kiganja kikaondoka mgongoni.

“Ni mimi.”

“Watoto wa Tausi wamekuja hapa, wajukuu zangu, wakapita kama wanapita mtini. Tausi mwenyewe ananiletea sabuni anaiacha kizingitini. Haniiti. Nilidhani nimewakosea kitu. Nimekaa naomba msamaha humu ndani peke yangu, Mbaruku, kwa kosa nisilolijua.” Akafuta meza kwa kiganja. “Andika.”

Akamtajia. Mwanamvua Selemani Kuziwa. Akamfanya alirudie mpaka alitamke bila kujikwaa, kama alivyomfundisha kuhesabu. Mbaruku alipofika mlangoni akageuka. Alitaka kusema jambo jema. “Safari hii utampigia kura Bi Salha, mama, na mambo haya…”

“Aa,” alisema Mama Tausi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa kali. “Umenijia kunirudishia jina langu au umekuja kuazima? Nitakayempa ni siri yangu. Hata Maftaha nikitaka.”

Uso ulimshuka. Alitembea hadi bomani akihisi hata wema wake umebebwa kwenye kapu la kampeni.

Kwenye dirisha alisema kwa sauti, kama sharti linavyotaka, na sharti linataka isikike sokoni. “Mwanamvua Selemani Kuziwa, anayeitwa Mama Tausi! Hakufa, hakuhama! Mimi Mbaruku ndiye niliyemfuta, nikijua, kwa uvivu!” Soko likageuka. Mwanamume mwenye shati la kijani alikuwepo, naye ndiye aliyeanza. “Kumbe! Mgombea wenu anatembea na mfutaji!” Wengine wakazomea, na vipeperushi vikaanza kuchanwa. Bi Salha alikuwa amesimama kwenye ngazi za soko, akasikia yote, na hakujificha. Alipoulizwa kama ni kweli, alisema ni kweli, na kwamba aliyeanza kuzomea ndiye aliyekuwa jirani wa kwanza kusema hamfahamu mama huyo. Mwenye shati la kijani akatafuta ndoo zake.

Mbaruku alikimbia nyumba kwa nyumba kwa vikombe viwili vilivyobaki. Kila mlango aliuliza swali lilelile, unaitwa nani, na kila mtu alimjibu kwa namna yake. Mmoja alimmwagia maji. Mwingine, Baba Mapacha, alikataa kabisa kutaja, akasema jina langu usilishike tena. Kila mara alirudi dirishani, akapiga kelele, akazomewa. Alikuwa amefikisha majina kumi na moja karani alipofunga dirisha. Waliobaki thelathini walisimama nje ya uzio wa bomani, wanafanana, wakimtazama, na yeye peke yake aliwasikia wakiulizana kama zamu yao imefika.

Kura ikaanza. Kwa desturi ya Jimbo mpiga kura huitwa mara tatu, na asipoitika ya tatu, kitabu hugeuzwa ukurasa; na aliyerejeshwa huanza kusikika tena pale tu anapoitika. Wapambe wa wagombea walipangwa kando ya kamba, na mpambe akitoa neno wakati wa kuita, jina linalohusika linatenguliwa. Mbaruku alisimama pale mikono nyuma. Mama Tausi alikuwa katikati ya umati, na kitambaa chake cha maua, na watu walimkanyaga vidole bila kuomba radhi.

“Mwanamvua Selemani Kuziwa!”

Watu walitazamana. Nani huyo? Mwanamke mmoja alibetua midomo: hatumjui. Tausi alikuwa pale na watoto wake, na yeye pia alitazama huku na kule kumtafuta mwenye jina.

“Mwanamvua Selemani Kuziwa!”

Mama Tausi aliinamisha macho, akashika ncha ya kitambaa chake. Ile haya imemrudia, Mbaruku aliona, ile ya binti. Alijua anachotakiwa kusema, neno moja la ziada, neno alilokuwa na kila nafasi ya kulisema siku ile mlangoni na hakulisema, na sasa akilisema anamfuta mara ya pili. Liligonga meno yake kwa ndani. Aliuma mdomo mpaka akaonja damu.

Karani alishika ncha ya ukurasa. “Mwanamvua…”

“Abee!”

Sauti ilitoka juu kuliko alivyokusudia, nyembamba, ya msichana aliyeitwa na mama yake kutoka uani. Wote waligeuka. Mwenye shati la kijani akasogeza mguu wake kumpisha, akasema samahani, mama. Tausi aliweka mkono kinywani. Mama Tausi akaanza kutembea kando ya kamba, bila haraka, akimsogeza huyu begani na yule kiunoni ili apite.

Alipomfikia, Mbaruku aliinama, mkono wake wa kulia ukiwa umekufa ganzi, akasema mbele ya watu wote kitu alichokuwa na deni nacho tangu kwenye bomba.

“Shikamoo, mama.”

Mama Tausi hakusimama wala hakugeuza kichwa.

“Subiri kwanza, mwanangu,” alisema. “Naitwa.”